Ndama Kwenye Kitanda cha Arusi

Jamani, juzi sokoni mama mmoja aliacha viazi vyake kwenye mizani akanishika mkono. "Ni weye Kamaliza wa mu gazeti? Ile ngombe-dume yenu ilirudiaka?" Nikamwambia ng'ombe alirudi salama, ila aibu bado iko kwetu, na inakula vizuri. Alicheka mpaka wateja wake wakaenda kununua kwingine. Chekeni tu. Ningekuwa ninyi, hata mimi ningecheka.

Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: sisi ni watu wa ng'ombe, huku juu Nyamitaba. Mume wangu ni Makuza, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko fimbo yake. Mtoto wetu wa kwanza ni Gentil. Alishuka Kirotshe kuuza fromaji, jibini letu, akarudi hana fromaji, hana akili, ana jina moja tu mdomoni: Christa.

Baba ya Christa, Papa Hakorimana, ni mlimaji, mtu wa heshima zake. Hakutuwekea masharti mengi. Alituwekea moja.

"Mutoto yangu hatalala nyumba moja na ndama."

Kwetu ndama wanalala ndani, kwa sababu baridi ya huku haina huruma. Nilipoolewa, usiku wangu wa kwanza nilikuwa na mume upande huu na ndama upande ule, na aliyenipa joto zaidi sitamtaja. Basi Makuza akaapa atajenga anekse nyuma ya nyumba, vyumba viwili na saloni, sima ya saruji chini na manjanja ya bati juu, ya Gentil na mke wake peke yao.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi ng'ombe-dume alivyopita katikati ya ukuta wa kwanza kama vile ni mlango, akakanyaga na uzio wa miti ya miyenzi unaotutenga na jirani yetu, Mama Mukandayisenga. Mama huyo tayari alikuwa na kisirani na sisi, kwa sababu alitaka Gentil amuoe binti yake Noëlla, na Gentil hakutaka. Makuza akajenga upya, akapanda uzio upya, yote kwa macho tu, bila kupima. Nikaweka kitanda kipya. Nikafuma foronya mbili kwa mkono wangu: moja imeandikwa Gentil, nyingine Christa. Nikasema, haya, shida zimekwisha.

Kumbe zilikuwa zinavaa viatu.

Jumanne asubuhi Makuza alifika kutoka barabarani mbio, kofia mkononi.

"Mama Gentil! Banapima manyumba!"

"Nani banapima?"

"Bantu ya kodi! Iko mama moja na metre, anapita lupango kwa lupango, kila kiwanja ya muntu. Nyumba ikipita kipimo yao, banaandika vila. Na vila inalipa kwa kila metre kare!"

"Sasa si ni weye uliambia Papa Hakorimana kama tuko na vila?"

"Ile ilikuwa ya bukwe, ya arusi! Kwa bukwe muntu anasema vila. Kwa kodi muntu anasema kibanda!"

Akazunguka uani, anaangalia anekse yake kama mwizi anayeangalia mbuzi aliyemuiba. Kisha akasimama. Mimi ninamjua mume wangu. Akisimama hivyo, mimi ndiye nitakayelia.

"Yule mama anapima nafasi bantu banakaa," akasema polepole. "Kiraro ya ngombe hapimake."

"Papa Gentil, hapana."

"Kwa siku moja tu!"

"Ile sima nilisugua na mikono yangu!"

"Kwa saa moja tu, Mama! Akishapita, tunafagia."

Gentil alikuwa anakamua. Alipoona baba yake anaswaga ndama kuelekea chumba chake cha arusi, aliacha ndoo akasimama mlangoni, mikono imetandazwa.

"Papa, Christa akijua?"

"Christa iko Kirotshe. Na ndama hazina simu. Toka pale!"

Ndama wakaingia. Makuza akatandaza majani juu ya sima yangu. Akaleta na vibuyu vya maziwa akavipanga dirishani, ionekane kiraro cha siku nyingi. Nilimwambia tutoe basi kitanda. Tukakisukuma, tukakivuta, tukakiinamisha. Fundi alikuwa amekiungia mumo humo ndani, na hakikuweza kupita mlangoni. Nikiwa bado naomba Mungu anipe subira, tukasikia sauti nje.

"Hodi hapa! Amani kwenu!"

Alikuwa mama wa makamo, amevaa botinsi za plastiki na kitenge kizuri, begi begani na ile metre kubwa ya kuzungusha mkononi. Akajitambulisha kwa heshima: yeye ni Mama Brigitte, ametumwa kupima nyumba. Nikampa kiti. Akakataa kiti, akakubali mashanza, maziwa yetu ya mgando. Alikunywa kikombe kizima bila kupumua, akafuta mdomo, nikampenda papo hapo. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Akapima nyumba kubwa. Gentil akamshikia ncha ya metre, kwa kuwa alikuwa peke yake. Saloni, chumba chetu, chumba cha watoto. Kila mahali anauliza swali lile lile: "Hapa nani analalaka?" Tukajibu vizuri. Kisha akazunguka nyuma.

"Na hii nyumba nzuri hivi?"

"Ile si nyumba," Makuza akasema. "Ni kiraro ya ndama."

"Na sima?"

"Ndama zetu ziko na mukosi ya kugonjwa miguu."

"Na pazia?"

"Juu ya nzi, Mama."

Mama Brigitte akamtazama. Akafungua mlango. Na mimi nikafunga macho, lakini nikafungua moja.

Ndama mwekundu alikuwa amesimama katikati, anatafuna pazia. Yule mweupe mwenye baka usoni, Mungu anisamehe, alikuwa amepanda kitandani. Amelala juu ya shuka langu jipya, kichwa kwenye mto, ametulia kama bibi arusi aliyechoka na wageni.

"Papa Makuza," akasema Mama Brigitte. "Ndama inalala ku kitanda?"

"Iko na baridi."

"Ku mito mbili?"

"Eeh. Moja ya kichwa, moja ya... ya kichwa ya mwenzake."

Akasogea. Akainama. Akasoma mto wa kwanza kwa sauti: "Gentil." Akasoma wa pili, ule ndama alioulalia, akimsogeza sikio kidogo ili aone herufi zote. "Christa." Akainuka.

"Christa njo nani?"

Hapo, wapendwa, mtu mwingine yeyote angenyamaza. Angekohoa. Angeanguka azirai, hata hiyo ingetusaidia. Lakini mume wangu ni Makuza, na sisi watu wa ng'ombe tuna desturi ya kumpa kila ndama jina. Desturi hiyo ndiyo ilimponza.

"Christa njo huyu," akasema, anampiga ndama mweupe mgongoni. "Ule mwekundu anaitwa Gentil."

Gentil, mtoto wangu wa kuzaa, amesimama pale na ncha ya metre mkononi, amekuwa mwekundu kuliko ndama.

"Na huyu Christa," Mama Brigitte akauliza, taratibu sana, "ana tabia gani?"

"Aah, muzuri! Ila anakulaka sana. Na usiku ni kelele mingi. Ukimuangalia vizuri, akili iko kidogo."

Mama Brigitte akazungusha metre yake ikarudi yote ndani, trrrr, mpaka mwisho. Akaiweka begani.

"Christa ni mutoto ya kaka yangu," akasema. "Hakorimana njo kaka yangu. Miye njo shangazi yake. Siku ya kumubatiza, ni miye nilimubeba."

Sijui niwaeleze vipi uso wa Makuza. Mmeona maziwa yakikatika? Ndivyo.

Shangazi! Si mama mdogo, si binamu wa mbali. Shangazi, ambaye bila neno lake hakuna bibi arusi anayetoka nyumbani kwao. Nikakaa juu ya majani, karibu na mavi, sikujali.

"Kaka yangu aliniomba," akaendelea. "Alisema, Brigitte, weye unapimaka manyumba. Bakisha kukupanga kazi ku Nyamitaba, angalia ile vila ya Makuza. Angalia kama ni kweli mutoto atakuwa na chumba yake, pasipo ndama. Njo nimeona. Na yeye iko nyuma yangu mu njia, anakuya na Christa mwenyewe, ya bantu, si ya ngombe, ile ya akili kidogo."

Makuza akapiga magoti. Mume wangu, ambaye kanisani anapiga magoti nusu tu kwa sababu ya suruali.

"Mama, pima tena! Ni nyumba ya bantu! Yote ni ya bantu! Niandikie vila!"

"Umeniambia ni kiraro."

"Nilikuwa naogopa kodi! Andika vila! Andika na baraza! Andika na kivuli ya manjanja, nitalipa!"

"Miye siandikake kivuli, Papa. Naandika nafasi bantu banakaa. Na hapa bantu habakai. Nimeona na macho yangu."

Akageuka kutoka. Niliona machozi yamemjaa Gentil, mtoto mkubwa vile. Hapo woga ukaniisha. Nikainuka na majani yangu matakoni, nikamshika mkono.

"Mama Brigitte, unisikilize miye, achana na huyu. Miye niliingia hii lupango nikiwa bibi arusi, nikalala na ndama. Sikukuwa na mulango ya kufunga. Nililia na ndama iko ananiangalia, nilizala na ndama iko ananiangalia. Hii chumba nimesugua sima yake miye mwenyewe, juu mutoto ya kaka yako apate kile miye sikupataka. Mwanaume yangu ni muongo kwa kodi. Kwa mutoto yako hakuna mwenye atamudanganya hapa, maana nitakuwa naye miye."

Mama Brigitte akaangalia kile kitanda, zile foronya.

"Ni weye ulifuma?"

"Ni miye."

Akashusha begi. "Basi toeni hizo ndama. Mufagie. Mumwage maji. Nitapima tena mbele ya kaka yangu kufika. Na safari hii nitapima yote, Papa Makuza, ata fasi ya kipaka."

Mngetuona! Gentil anawaswaga ndama. Mimi na maji na ufagio. Makuza anabeba majani kwa kumbatio, anabusu ukuta. Ndama mweupe alikataa kushuka kitandani, ikabidi abebwe miguu na kichwa. Tukageuza shuka. Tukapangusa foronya. Pazia lilikuwa limebaki nusu, tukasema ndiyo modeli ya sasa.

Metre ikafunguliwa. Na hapo Makuza akawa mtu mwingine.

"Vuta, Gentil! Usikunje! Fika mupaka ku kona kabisa!"

"Papa, ni ukuta, haiendelei."

"Sukuma ukuta!"

Kila namba Mama Brigitte aliyoandika, Makuza anapiga makofi kama vile ng'ombe wake amezaa. Asubuhi alikuwa anakimbia neno vila. Sasa alikuwa analiimba. Mimi moyo ulishaanza kukaa mahali pake. Nilimuona Christa anaingia, anafunga mlango wake, mlango wa kweli wenye komeo.

"Imebakia kuandika mwisho wa parsele," Mama Brigitte akasema. "Mupaka yenu iko wapi kwa nyuma?"

"Ni pale ku uzio," Makuza akaonyesha miyenzi aliyoipanda.

Sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya uzio, katikati ya maharagwe.

"Mupaka iko chini ya kitanda."

Alikuwa Mama Mukandayisenga. Amesimama na jembe, ametulia. Sijui alikuwa pale tangu lini. Kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu, nadhani tangu ndama wa kwanza.

"Unaongopa!" Makuza akaruka.

"Siongopake. Bashangazi ya bantu njo banasikia hapa, sitaki niitwe jina ya ndama." Akapita kwenye uzio, akaja mpaka kona ya anekse. Akachokoa udongo kwa jembe. "Mama mupimaji, angalia. Muyenzi ukikatwa unachipukaka. Ngombe yao ilikanyaga uzio ya baba zetu, lakini mizizi haikuenda. Hapa iko inachipuka. Kuya huku."

Akamzungusha upande wa pili wa anekse. Akachokoa. Na pale pia, chini ya ukuta wetu wa manjano, palikuwa na vichipukizi vya kijani vimejipanga mstari, vinatoka chini ya nyumba yetu kama watoto wanaochungulia chini ya meza.

Mama Brigitte akampa Gentil ncha ya metre asimame kwenye chipukizi la huku, yeye akapitisha ile nyingine dirishani, akaitoa upande wa pili, akaivuta mpaka la kule. Ikanyooka. Ikapita juu ya sima, ikapita juu ya kitanda, katikati kabisa, kati ya mito miwili. Mto wa Gentil ukabaki kwetu. Mto wa Christa ukabaki kwa Mama Mukandayisenga.

Makuza akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Mukanda," nikasema, na tangu kisirani kile tulikuwa hatujasalimiana. "Nisamehe. Nakuomba. Usibomoe hii nyumba."

"Kubomoa?" Akashangaa. "Nyumba muzuri hivi? Nibomoe juu ya nini? Nimefurahi. Mama mupimaji, upande yangu uniandikie ku jina yangu. Kodi ya metre zangu nitalipa miye."

Nikaanza kumshukuru Mungu. Nilifika nusu.

"Lakini nyumba yangu," akaendelea, anapangusa jembe kwa majani, "mwenye kulala ndani namuchagua miye." Akageukia maharagwe, akapaza sauti. "Noëlla! Eh, Noëlla! Kuya na muto yako!"

Na Noëlla akatoka. Amejipaka mafuta, amevaa gauni la kanisani, siku ya Jumanne. Mto wake ameukumbatia kifuani, na foronya ya mto ule haikuwa imefumwa leo. Akapita uzio, akaingia ndani, akavua foronya ya Christa niliyofuma kwa mkono wangu, akaikunja, akaiweka pembeni kwa adabu kabisa. Akaweka mto wake. Akasimama kando ya kitanda, upande wa mama yake, anaangalia chini.

"Mama Gentil," Mama Brigitte akaniuliza, kalamu iko juu. "Mu hii chumba niandike nani na nani?"

Kabla sijajibu, pikipiki zilizima mlangoni kwa lupango. Nikasikia Papa Hakorimana anabisha hodi. Christa hakubisha. Alikuja moja kwa moja nyuma, vumbi la njia bado usoni, skafu mkononi, akafika mlangoni mwa chumba chake akasimama.

Aliangalia pazia lililoliwa. Aliangalia metre iliyopita juu ya kitanda. Aliangalia Noëlla na mto wake, kisha akaangalia foronya yenye jina lake iliyokunjwa kando. Makuza alitaka kueleza, nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Christa akavua viatu. Akaingia. Akaokota foronya yake, akakung'uta unyoya mmoja mweupe wa ndama, akaishika vizuri.

"Gentil," akasema bila kelele, "niambie kitu moja tu. Weye utalala upande gani?"

Mtoto wangu alikuwa bado ameshika ncha ya metre pale nje ya dirisha. Akamwangalia Christa. Akamwangalia Noëlla.

Kisha akaiachia ile metre, Mama Brigitte akaizungusha, ikarudi ndani yote, trrrr, na mpaka ukapotea. Akaja mlangoni, akavua viatu, akasimama kando ya Christa.